Fundi wa simu aliyeingia hewani bila leseni: kisa kimoja cha klabu ya redio, Nakuru

Usuli

Hiki kisa nimekiandika kwa sababu klabu ndogo kama yetu hupoteza watu mlangoni na hazijui zimewapoteza. Majina nimetoa, mitaa nimeichanganya kidogo, hata kazi ya mtu mmoja au wawili nimebadilisha, lakini mambo yenyewe yalienda hivi. Mhusika mkuu tutamuita Fundi. Mzee aliyemleta tutamuita Mwalimu, juu alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu. Mimi ni katibu, na kuna makosa mawili humu ndani ni yangu mwenyewe, tutayafikia.

Klabu ni ya redio ya ridhaa. Kama hujawahi kukutana na hii kitu, ni watu wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano wanaoongea hewani kwa redio zao wenyewe, si biashara, si kazi, ni kujifunza na kujaribu mitambo na kusalimiana na watu wa mbali. Kila mmoja anapewa kolisaini, yaani jina lake la hewani la herufi na namba, na hapa Kenya za kawaida huanza na 5Z4, ukisikia hiyo popote duniani unajua huyo ni wa kwetu. Wazungu hujiita ham, na Kiswahili kimetubariki hapo kwa sababu ukiongeza herufi moja tu unapata hamu, na kusema kweli ugonjwa wenyewe ni huo.

Kwa karatasi tuko wanane. Wanaofika mkutanoni ni watano, wanne kati yao wamepita miaka hamsini. Tunakutana mara moja kwa mwezi kwa hoteli fulani ya chai hapo mjini, halafu kila Jumapili saa mbili usiku tuna neti, yaani tunaingia wote kwa frikwensi moja, mmoja anaita majina na kila mtu anasema yuko wapi na anasikia vipi.

Fundi yeye ako na kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji. Umri thelathini na kitu, mzaliwa wa upande wa Ahero lakini Nakuru amekaa miaka mingi. Alinunua Baofeng UV-5R mbili, zile redio ndogo za Kichina za mkononi ambazo kila mtu anazo siku hizi, moja akabaki nayo na ingine akampa rafiki yake kinyozi wa Njoro. Sababu yake ilikuwa rahisi tu, alichoka kununua kredo ya kupiga stori na mtu aliye kilomita ishirini.

Vile mambo yalianza

Hizo redio ndogo zina shida moja ambayo wauzaji hawakwambii. Zinatoa sauti kwa frikwensi nyingi sana, kuanzia 136 mpaka 174 MHz na tena huko juu kwa 400 na kitu, na ndani ya hiyo nafasi kuna watu wengi wenye kazi zao: askari wa kulinda mageti, ambulensi, polisi, mashamba makubwa. Redio haiulizi. Ukibonyeza, unasikika.

Fundi na Kinyozi walianza mahali pabaya. Walichagua namba tu, wakaongea siku tatu kwa raha zao, siku ya nne askari wa usiku wa kampuni fulani akawaingilia akauliza kwa ukali, "Nani huyo ananiambia mambo ya chaja hapa, mimi niko kwa geti!" Wakatoroka. Fundi akaangalia video mtandaoni, akapata 145.500, na hiyo ndio frikwensi ya kuitana ya watu wa ridhaa upande wetu wa dunia. Kwake ilikuwa kimya, hakuna askari, akaona amepata shamba lisilo na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mwalimu, amekaa sebuleni na redio imewashwa chini kabisa, kama watu wengine wanavyowacha redio ya habari. Wiki mbili alisikiliza. Alijua Kinyozi ananyoa wapi, alijua nani ana deni la nani, na alijua kibanda cha Fundi kiko wapi kwa sababu Fundi mwenyewe alikuwa anakitangaza hewani, eti ukiwa na simu imeanguka kwa maji leta kabla hujaiweka kwa mchele.

Mwalimu akaleta hiyo maneno kwa kikao.

Uamuzi wa kwanza: turipoti, tunyamaze, ama tumfuate?

Hapo tulibishana karibu saa nzima na chai ikapoa. Mwenzetu mmoja, mtu wa sheria sana, alitaka turipoti. Hakuwa na makosa, kutoa mawimbi bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya Kenya, hakuna kona hapo. Mwingine alisema tunyamaze, betri itakufa, watachoka. Mimi nilikuwa upande wa kunyamaza, si kwa hekima, ni uvivu tu.

Kumjibu hewani pia tulikukataa. Sisi huongea na wenye leseni wenzetu, na ukianza kupiga gumzo na asiye nayo unamfanya aone ni sawa, halafu wewe ndiye unaonekana mkora kwa yeyote anayesikiliza.

Mwalimu akasema kitu ambacho bado nakikumbuka vizuri: "Huyu kijana amekaa wiki mbili akiniambia kwake ni wapi. Mtu akikuita hivyo unaenda." Tukakubaliana aende. Sababu zilikuwa mbili. Moja, pale alipokuwa hakuwa anaumiza mtu, angekuwa bado kwa askari ama kwa ambulensi tungepiga ripoti siku hiyo hiyo. Mbili, na hii ndio ilimaliza ubishi, klabu inazeeka. Tukizika wawili watatu hapa hakuna klabu.

Basi Jumatatu Mwalimu akatafuta chaja iliyokufa nyumbani, akaenda kibandani, akaketi kwa stuli. Fundi akaifungua akamwambia, "Mzee hii imeungua, nunua ingine." Mwalimu akamjibu, "Sawa. Na vile nilikusikia jana usiku, spika ya Kinyozi imepasuka ama ni mdomo anaweka karibu sana?"

Fundi anasema aliona jela. Alifikiria ni afisa. Mwalimu akacheka, akamwonyesha leseni yake kwa simu, akamweleza kwa nini ile frikwensi si shamba la mtu yeyote, akamwalika kwa kikao.

Kikao kilichotuharibia

Kosa langu la kwanza liko hapa. Fundi alifika mapema, amevaa shati safi. Sisi tukaanza na kumbukumbu za kikao kilichopita, halafu yatokanayo, halafu tukaingia kwa stori ya pesa za mlingoti wa antena ambazo zilichangwa kitambo na hakuna anayekumbuka ziko kwa nani. Saa moja na nusu. Hakuna redio iliyowashwa. Katikati mtu akamgeukia akamuuliza "QTH yako ni wapi?" na Fundi akanyamaza, hajui kama anaulizwa umri ama kabila. QTH ni mahali ulipo tu. Kulikuwa na ubaya gani kumuuliza unakaa wapi?

Kosa la pili, mwisho wa kikao nikamtumia kwa WhatsApp kitabu kizima cha Kiingereza, kurasa mia mbili na kitu, nikamwambia "soma hii, ukimaliza tutaongea mambo ya leseni". Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Hakurudi. Mwezi wa kwanza tukasema ana shughuli, wa pili hakuna hata aliyemtaja. Hewani pia alinyamaza, kwa hiyo kama lengo letu lilikuwa kumwondoa tulikuwa tumefaulu.

Pawa saplai

Kilichomrudisha hakikuwa mpango wa mtu. Redio kubwa ya klabu, ile ya mawimbi mafupi, ilianza kutoa mlio. Watu wa mbali wakawa wanatuambia tunasikika na nyuki nyuma ya sauti. Redio hizi hula volti 13.8, na kuna sanduku zito la pawa saplai linalogeuza ile 240 ya ukutani. Mwalimu akasema nyuki huyo ni kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyoshika umeme kwa muda, umeme wetu unaenda hezi 50, ukishageuzwa unabaki na mawimbi ya hezi 100 ambayo kapasita ndio hutuliza, zikizeeka mlio unapita moja kwa moja mpaka kwa sauti. Lakini mikono yake inatetemeka siku hizi, solda haimtii. Tulihitaji fundi. Na fundi tulikuwa tunamjua.

Mwalimu akalipeleka sanduku kibandani kama mteja. Fundi akafungua, akaona kapasita mbili kubwa zimefura vichwa, akazing'oa baada ya kuziacha zimwage moto wake (hapo Mwalimu alifurahi, mtu asiyejua angezigusa papo hapo), akaweka mpya. Mwalimu akalipa bei kamili. Fundi alikuwa anataka kukataa pesa na Mwalimu akamlazimisha, na mimi naona hiyo ilikuwa na maana kubwa, nitairudia baadaye. Halafu Fundi akauliza swali ambalo kitabu changu cha kurasa mia mbili kilishindwa kumtoa mdomoni: "Na hii kitu inasukuma nini?"

"Kuja Jumamosi uone."

Waya wa mita ishirini

Jumamosi hiyo mimi pia nilikuwa kwa Mwalimu kwa hiyo hii niliiona. Fundi alikuja na swali lake la siku nyingi. Alikuwa anataka kuongea na watu wa Kisumu kutoka Nakuru na alikuwa amepanga kununua kile kisanduku cha kuongeza nguvu, kitoe ile redio yake ndogo kutoka wati 5 mpaka 50. Mwalimu akamwambia okoa pesa zako. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu iko 1,130 hivi, na katikati pamelala Mau, inazidi mita 2,500. Mawimbi ya hizo redio ndogo huenda kama tochi. Ukiweka tochi kubwa mara kumi mbele ya ukuta unapata nini? Ukuta umeng'aa sana, basi.

Halafu akatoa bunda la waya wa kawaida wa umeme wa nyumba. Hesabu ni hii: chukua 143 ugawanye kwa frikwensi ya megahezi, unapata urefu wa antena kwa mita. Kwa 7.1 inatoka kama 20.1, kwa hiyo kila mkono mita kumi, koaksi, ule waya wa kuunganisha antena na redio, inaungwa katikati. Wakakata mrefu kidogo kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Fundi akaanza kutafuta ngazi apande mti wa mkaratusi, si antena ni juu kabisa? Mwalimu akamzuia. "Funga hapa," akamwonyesha nguzo ya kamba ya nguo. Mita nne hivi kutoka chini. Fundi aliniangalia akiwa na ile sura ya mtu anayeona mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Hii ndio sehemu tamu ya redio na naomba nikae hapa kidogo. Waya ukiwa chini namna hiyo, mawimbi mengi yanapanda karibu wima, juu kabisa, yanafika kwa tabaka za hewa zilizochajiwa na jua, mamia ya kilomita huko, yanagonga yanarudi chini kama mvua yakitapakaa pande zote. Mau haiko tena kwa njia. Unaruka juu yake kama mtu anayerusha mpira juu ya ukuta badala ya kuupiga ukutani. Mchana frikwensi ya 7 MHz inafanya hivyo vizuri sana kwa umbali wa Nakuru na Kisumu, ambao kwa mstari ni kama kilomita 140. Usiku ukikomaa zile tabaka zinapungua nguvu, mawimbi ya wima yanatoboa yanaenda zake, jirani wa Kisumu anapotea na badala yake unaanza kusikia watu wa nchi za mbali. Waya ni ule ule, redio ni ile ile.

Wakapima. Mita ikaonyesha karibu tatu kwa moja, mbaya. Fundi akauliza hiyo ni nini na Mwalimu hakutaja jina la Kiingereza hata, akamwambia ni kama maji kwa mfereji, bomba likibadilika upana ghafla maji mengine yanagonga yanarudi nyuma, na redio haipendi kurudishiwa. Waya ukiwa karibu na ardhi unajifanya mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo punguza. Fundi akakata sentimita kumi kila upande, wakapima, akakata tena tano, mita ikashuka mpaka moja nukta tatu. Alikuwa anakata kwa koleo ya simu, ile ndogo.

Saa sita mchana Mwalimu akaita, na akajibu mama mmoja wa Kisumu, mstaafu wa maabara, ambaye tunamjua. Sauti safi. Alikuwa anasema anafunga mapema kwa sababu mawingu yanakusanyika juu ya ziwa na yeye hachezi na radi, mwezi wa nne ikifika saa tisa anang'oa koaksi yote anaitupa nje ya dirisha. Nyuma ya sauti yake jogoo akawika. Fundi akasimama. Alisema "Huyo ni jogoo wa Kisumu?" kama mtu ambaye hajawahi kusikia jogoo.

Uamuzi wa pili: asibonyeze

Hapo hapo akataka kuongea. Mama wa Kisumu alikuwa anangoja, kitufe kiko mkononi mwa Mwalimu, sote tunacheka. Mwalimu akakataa. Akasema mpaka leseni itoke Fundi hatabonyeza redio yoyote, si hii wala ile yake ndogo.

Hatukuwa tumelijadili kama klabu, lilikuwa la Mwalimu, lakini sababu yake niliielewa. Mtu aliyeanza kwa kuvunja sheria, ukimwachia leo kwa sababu siku ni nzuri, kesho atakuuliza kwa nini jana ilikuwa sawa. Na mtu wetu wa sheria alikuwa ameshaanza kunung'unika kwamba tunafuga mhalifu.

Kulikuwa na bei. Fundi alinyamaza njia yote nikimpeleka steji. Akaniambia, "Mnaniita kutengeneza, kuongea hapana." Sikuwa na jibu la maana.

Mwalimu ndiye alipata dawa, akampa kazi ya kusikiliza. Daftari la shule, mistari: siku, saa, frikwensi, umesikia nani, kwa nguvu gani. Ile Baofeng akaitumia kusikiliza tu. Kati ya vitu alivyopewa kuwinda ni kile kituo cha anga cha kimataifa, ambacho kina mitambo ya ridhaa ndani yake na kwa 145.825 hutuma data, unaisikia kama mkwaruzo mfupi mfupi. Kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kiko juu kilomita 400 hivi, na kikipita kwako hakikai zaidi ya dakika kumi. Fundi akapanda juu ya ghorofa anayoishi saa kumi na moja alfajiri na watoto wa jirani, wakakisikia, na siku iliyofuata kila mteja wa kibanda aliambiwa hiyo stori atake asitake.

Miezi mitatu na nusu. Madaftari mawili. Katikati Mwalimu akawa anamfundisha sheria na nadharia kwa Kiswahili jioni mbili kwa wiki, na kile kitabu changu wakakitumia kwa michoro tu.

Matokeo

Leseni ilitoka. Simu ya kwanza aliyompigia ni Mwalimu, ya pili Kinyozi, mimi nilikuwa wa tano na sikukasirika sana. Salamu yake ya kwanza hewani ilikuwa kwa yule mama wa Kisumu, kwa waya ule ule wa kamba ya nguo. Alisahau kolisaini yake mwenyewe katikati, akaisoma kwa kiganja alikokuwa ameiandika. Mama akampa tano tisa, yaani anasikika safi na kwa nguvu, akamwambia "Karibu, wuoda," na wakaendelea kwa Kijaluo mpaka sisi wengine tukabaki nje tukingoja.

Siku hizi Fundi ndiye anaendesha neti mara mbili kwa mwezi. Ametengeneza redio tatu za wanachama ambazo zilikuwa zimekaa chini ya vitanda. Ameleta watu wawili wapya, mmoja mwanafunzi wa chuo.

Si yote yalikuwa mazuri. Mtu wetu wa sheria aliacha kuja. Hakugombana na mtu, alisema tu klabu imegeuka karakana. Namheshimu na nafikiri tulimpoteza kwa njia ile ile tuliyokaribia kumpoteza Fundi, hakuna aliyemuuliza anataka kufanya nini. Na pesa za mlingoti mpaka leo hazijulikani ziko wapi.

Uchambuzi

Watu wakisikia hiki kisa husifu ile safari ya kibandani, na ni kweli ilikuwa nzuri. Lakini tukiangalia vizuri, safari hiyo ilimleta kwa kikao kimoja tu halafu akapotea. Kumfuata mtu kulifungua mlango, hakukumketisha. Kilichomketisha ni kapasita mbili. Alipokuwa mgeni wa kikao alikuwa mtu asiyejua kitu mbele ya wazee wanaojua, na alipofungua lile sanduku tulikuwa wazee wanaohitaji msaada mbele ya mtu anayejua. Ndio maana nasema yale malipo yalikuwa na maana. Angefanya bure ingekuwa ni kijana ametumwa. Alilipwa, akawa fundi mwenye heshima yake anayeuliza swali kwa sababu anataka kujua.

Sasa, hili halikupangwa, na hapo ndio tulifeli kama klabu. Pawa saplai isingeharibika hiki kisa kingeishia kwa kikao. Ningeweza kumuuliza siku ya kwanza anafanya kazi gani na mikono yake inajua nini. Nilimpa kitabu kwa sababu mimi nilijifunza kwa kitabu.

Lugha nayo. Kuna watu watasema redio ni Kiingereza tu, zile kodi kama QTH na alfabeti ni za dunia nzima, na ni kweli utazihitaji ukiongea na Mjapani. Lakini kuelewa kwa nini mawimbi yanarudi kwa waya hakuhitaji Kiingereza, kunahitaji mfereji wa maji. Fundi alishika mambo kwa jioni mbili ambayo mimi yalinichukua mwezi, na nina diploma.

Kuhusu ule uamuzi wa kutobonyeza, mimi na Mwalimu hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anasema ile miezi ya kusikiliza ndiyo ilimfanya Fundi kuwa mwongeaji mzuri, hakatizi watu, anangoja, anajua saa gani mawimbi yanaenda wapi. Hilo siwezi kupinga, nasikia tofauti. Ninachosema ni kwamba kukataza tulikataza papo hapo, mbele ya watu, mama wa Kisumu akiwa anangoja, na kazi ya kusikiliza ikaja siku tisa baadaye. Siku tisa hizo Fundi hakushika simu za mtu yeyote wa klabu. Daftari lingekuwa mezani siku ile ile, "huku hapana lakini shika hii", sidhani angeniambia yale maneno njiani. Mwalimu akisikia hivi anasema mimi nafikiri kila mtu ni mtoto.

Kulikuwa na bahati pia ambayo klabu ingine isiitegemee. Fundi alikuwa 145.500 na si kwa frikwensi ya watu wa dharura, alikuwa ametangaza anapokaa, na tulikuwa na mstaafu mwenye muda wa jioni mbili kwa wiki. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, sijui tungefanya nini. Kama angekuwa bado anawaingilia askari, nafikiri kumfuata kimya kimya kungekuwa makosa.

Tulichobadilisha ni kidogo. Kikao sasa kinaanza na redio, nusu saa ya kwanza kuna kitu kinawashwa au kinafunguliwa, kumbukumbu zinasomwa baadaye wakati wanaotaka kwenda wameenda. Mgeni hakai peke yake, anawekwa karibu na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtafsiria upuuzi wetu. Na mimi nimekatazwa kutuma kitabu.

Kimebaki kitu kimoja. Ile Baofeng ya pili bado iko Njoro. Kinyozi alikaa kimya mwaka mzima, halafu mwezi uliopita tukamsikia tena pale pale, na mtu mwingine mpya, wanaongea bei ya viazi. Tulipofika kwa kikao Mwalimu akauliza nani ana chaja mbovu. Fundi akasema hapana, huyu ni wake, na huyu hafuatwi na chaja.

Alienda Jumamosi. Anasema amenyolewa vibaya upande wa kushoto kwa sababu Kinyozi alishtuka aliposikia tumekuwa tukimsikiliza, lakini mwezi ujao anakuja, na ameuliza kama wazee wetu wana mtu wa kuwanyoa.